Moja mara tatu: kinachotokea mwilini baada ya kumeza dawa

Ukitoka katika duka lolote la dawa jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, unatoka na kijibahasha kilichoandikwa kwa kalamu alama chache tu: 1×3, 2×2 au 1×1. Wengi wetu huisoma ile ya kwanza kuwa ni asubuhi, mchana na jioni, tukanywa dawa sambamba na milo, na homa ikishuka tukakitia kijibahasha kabatini na vidonge vilivyobaki, iwe akiba ya mgonjwa ajaye. Wakati huohuo, vijiweni na katika makundi ya WhatsApp, hayakauki madai kwamba dawa za hospitali huacha sumu mwilini, kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, kwamba maziwa au dafu hukata dawa, kwamba mwili wa fulani umeshazoea dawa hivyo apewe kali zaidi, na kwamba ini na figo havina budi kusafishwa kwa vinywaji vinavyotangazwa mtandaoni. Madai hayo yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yanakutana mahali pamoja: hayazingatii kwamba mwili huanza kuiondoa dawa mara tu dawa inapoingia, na kwamba ile 1×3 ni ratiba iliyopangwa kwa kuifuata kasi ya uondoaji huo.

Tuanze na maneno. Dawa, kwa maana itakayotumika hapa, ni kemikali yoyote inayoingia mwilini na kubadilisha utendaji wake, iwe imetoka kiwandani, imechemshwa kutokana na mizizi, au imenunuliwa kwa muuza unga. Dozi ni kiasi kinachotumiwa kwa mara moja, ingawa mitaani tunaposema "maliza dozi" tunamaanisha matibabu yote ya siku tatu, tano au saba. Kiwango cha dawa ni kiasi kinachopatikana ndani ya damu kwa wakati fulani, na hicho, si idadi ya vidonge, ndicho kinachoamua kama ugonjwa utaguswa au hautaguswa. Ili kiwango hicho kipatikane dawa hupitia hatua nne: hufyonzwa kuingia katika damu, husambazwa, huchakatwa, na hatimaye hutolewa nje. Hatua hizi hazisubiriani. Kidonge kikiwa bado kinayeyuka, sehemu yake iliyotangulia huenda imeshafika kwenye mkojo.

Kidonge kinachomezwa huyeyuka, na sehemu kubwa ya dawa hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Damu inayotoka huko haiendi moja kwa moja kichwani au gotini panapouma. Hupelekwa kwanza kwenye ini, nalo huanza kuivunja dawa kabla sehemu nyingine za mwili hazijaiona. Kwa baadhi ya dawa hasara hiyo ni kubwa. Mofini (dawa ya maumivu makali) inayonywewa, kwa mfano, hufika katika mzunguko mkuu wa damu kwa takribani theluthi moja tu, na ndiyo maana dozi yake ya kunywa huwa kubwa kuliko ya sindano. Parasetamoli na amoksilini hupoteza kidogo, kwa hiyo mtu anayezimeza anapata karibu kile ambacho angepata kwa njia nyingine yoyote.

Hapo ndipo imani ya sindano inapopimwa. Zipo sababu halali za kuchoma sindano: gentamaisini haifyonzwi vya kutosha tumboni, penisilini ya kwanza kabisa huharibiwa na asidi ya tumbo, na mgonjwa wa malaria kali, mwenye degedege au asiyeweza kumeza, huchomwa atesunati kwa sababu hana muda wa kungoja utumbo ufanye kazi yake. Nje ya hali kama hizo, sindano haiigeuzi dawa ileile kuwa kali zaidi. Inaifikisha mapema tu. Anayemshinikiza mhudumu amchome kwa mafua ananunua maumivu, uwezekano wa jipu na gharama ya ziada, na nadhani wahudumu wanaokubali shinikizo hilo wana sehemu yao ya lawama.

Chakula nacho kina neno katika ufyonzwaji, na hapa imani za mitaani zina ukweli nusunusu. Ni kweli kwamba maziwa hudhoofisha baadhi ya dawa, kwa kuwa madini ya chokaa yaliyomo hushikamana na doksisaiklini au siprofloksasini ndani ya utumbo na kuizuia kufyonzwa. Si kweli kwamba maziwa hukata kila dawa, wala kwamba hutoa sumu ya dawa iliyokwisha kuingia katika damu. Kwa dawa ya mseto ya malaria, ALu, mambo ni kinyume kabisa: lumefantrini iliyomo ndani yake huyeyuka katika mafuta, na ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta inaweza kufyonzwa takribani mara 16 zaidi ya inapomezwa tumbo likiwa tupu. Kikombe cha chai ya maziwa na chapati, au uji uliotiwa karanga, ni sehemu ya tiba hiyo. Dafu halijathibitika kukata dawa kwa ujumla. Tahadhari yake ni kwamba lina potasiamu nyingi, jambo linaloweza kuwadhuru wenye figo dhaifu na wanaotumia baadhi ya dawa za presha zinazozuia potasiamu isitoke mwilini.

Dawa ikishapita ini huingia katika mkondo wa damu na kusambaa kila mahali damu inapofika. Haina macho. Kidonge cha maumivu hakijui kama kinachouma ni kichwa au kiuno; kinakwenda kwenye kiuno, kichwa, tumbo na figo kwa pamoja, na kinafanya kazi pale tu kinapokutana na kipokezi au kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kinacholingana nacho. Kipokezi ni molekuli iliyo juu ya seli au ndani yake ambayo dawa hushikamana nayo na kuifanya seli ibadili mwenendo. Kwa kuwa vipokezi vya aina moja hupatikana katika viungo vingi, dawa ileile hutoa faida hapa na usumbufu pale. Yale tunayoyaita maudhi madogo madogo si alama kwamba dawa ni mbovu au kwamba "imegoma" mwilini. Diklofenaki hupunguza maumivu ya goti kwa kuzuia kimeng'enya ambacho tumboni hulinda ukuta wa tumbo, na kwenye figo husaidia damu kupita vizuri. Ndiyo sababu mzee anayeinywa kila siku kwa miezi kadhaa anaweza kupata vidonda vya tumbo au figo zake zikaanza kuchoka.

Sasa tufike kwenye kiini cha ratiba. Liangalie simtanki lililo juu ya nyumba wakati wa mgao, maji yakiwa yameacha kuingia na bomba la chini likiwa wazi. Tanki likiwa limejaa maji hutoka kwa kasi. Yanavyopungua, msukumo hupungua na mtiririko hufifia. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa mtindo huo: zikiwa nyingi huondolewa kwa wingi, zikibaki chache huondolewa kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaulizi dawa itaisha lini, bali huuliza itachukua muda gani kupungua kwa nusu. Tuuite muda wa nusu.

Chukua parasetamoli, ambayo muda wake wa nusu kwa mtu mzima mwenye ini zima ni takribani saa mbili hadi tatu. Tuseme ni saa mbili na nusu, na mtu ana miligramu 1,000 katika damu saa 2:00 asubuhi. Itakapofika saa 4:30 zitabaki 500, saa 7:00 mchana 250, saa 9:30 alasiri 125, na saa 12:00 jioni chini ya 65. Baada ya vipindi vitano vya nusu, dawa yoyote ya aina hii huwa imebaki takribani asilimia 3. Kinachobadilika kati ya dawa na dawa ni urefu wa kipindi: amoksilini ni kama saa moja na ushei, amlodipini ya presha ni saa 30 hadi 50, na klorokwini ni mwezi mmoja hadi miwili. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kutosha wanaikumbuka klorokwini kwa muwasho wake, ule wa kujikuna usiku kucha bila upele wowote. Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeishinda, si kwa sababu ya muwasho, ambao kwa wengi haukuwa hata mzio wa kweli.

Kwa hesabu hiyo 1×3 inapata maana yake: kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Anayekunywa amoksilini saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 usiku amegawa siku yake katika vipindi vya saa sita, sita na kumi na mbili, na katika zile saa kumi na mbili za usiku dawa hushuka hadi karibu na sifuri huku bakteria wakiendelea kuzaliana. Amoksilini ni miongoni mwa dawa ambazo ufanisi wake hutegemea muda ambao kiwango chake kinakaa juu ya kile kinachowazuia bakteria, kwa hiyo pengo refu lina gharama. Saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku ni ratiba inayotekelezeka katika nyumba nyingi, hata kwa anayewahi daladala ya alfajiri. Vilevile aliyesahau kidonge asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia, kwa sababu viwili hupandisha kilele cha dawa, na madhara mengi huja kileleni, bila kulirudisha pengo lililokwisha kupita.

ALu ina ratiba yake ya kipekee ambayo huwachanganya watu, na inafaa kuitazama kwa makini. Mtu mzima hupewa vidonge 24, yaani vinne kwa mara sita: vya kwanza papo hapo, vya pili baada ya saa nane, kisha kila baada ya saa 12 hadi siku ya tatu iishe. Ndani ya kila kidonge mna dawa mbili zenye tabia zilizo mbali sana. Artemetha hufanya kazi haraka, huangamiza sehemu kubwa ya vimelea ndani ya siku ya kwanza, lakini muda wake wa nusu ni saa chache tu. Lumefantrini haina haraka, ila hukaa kwa siku kadhaa na kumalizia vimelea vilivyosalia. Mgonjwa huamka siku ya pili akiwa amepata nafuu, na nafuu hiyo ni kazi ya artemetha; akiacha hapo, ameikatisha lumefantrini kabla haijafikia kiwango cha kumaliza mabaki, na wiki mbili au tatu baadaye huenda akasema malaria yake "imejificha kwenye damu". Haikujificha, haikumalizwa.

Watoto hupimwa uzito kwa sababu hizohizo: kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kwa kila dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu. Hata hivyo mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Ini na figo za mtoto mchanga hazijakomaa, na katika miaka ya 1950 watoto wachanga walikufa kwa kupewa kloramfenikoli ambayo miili yao haikuweza kuichakata. Kukata kidonge cha mama nusu kwa ajili ya mtoto ni kubahatisha.

Si kila kitu hutoka kwa mtindo wa nusu kwa nusu. Pombe huondolewa kwa kasi ileile kila saa, iwe nyingi au kidogo, kwa kuwa vimeng'enya vinavyoishughulikia hujaa mapema na haviwezi kuongeza mwendo. Bia moja ya nusu lita humchukua mtu mzima takribani saa mbili hadi tatu kuimaliza, na wala kahawa, wala supu, wala kuoga maji baridi havitafupisha muda huo. Vinaweza kumchangamsha mlevi, lakini anayeendesha gari bado ni mlevi. Aliyekunywa bia sita hadi usiku wa manane huamka asubuhi akiwa bado na pombe katika damu.

Parasetamoli nayo, kwa upole wake wote, ina mpaka. Kwa kawaida sehemu yake ndogo hubadilika ndani ya ini kuwa molekuli yenye sumu, na ini huituliza papo hapo kwa akiba yake ya kemikali iitwayo glutathioni. Dozi ikizidi mno akiba huisha, na sumu hiyo huanza kuua seli za ini. Kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na wanywaji wa pombe wa kila siku na waliodhoofu kwa kukosa chakula wanapaswa kubaki chini ya hapo. Hatari kubwa haimkabili anayemeza vidonge viwili vya ziada, bali anayechanganya bila kujua: dawa nyingi za mafua na za maumivu ya mgongo zina parasetamoli ndani yake, kwa majina ambayo hayataji parasetamoli. Aliyezidisha anaweza asione dalili nzito siku ya kwanza, kisha macho yakawa ya manjano siku ya pili au ya tatu. Kuna dawa ya kuizuia sumu hiyo, asetilsisteini, lakini hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa nane, kwa hiyo kusubiri dalili ni kosa.

Ini ndicho kiungo kikuu cha uchakataji. Dawa nyingi huyeyuka katika mafuta, na vitu vya namna hiyo vikifika kwenye figo hurudi katika damu badala ya kutoka na mkojo. Kazi ya vimeng'enya vya ini ni kuvibadilisha vikubaliane na maji. Kimeng'enya kimoja hushughulikia dawa nyingi, na kwa hiyo dawa moja inaweza kumkwamisha mwenzake au kumharakisha. Mfano wa kukwamisha uligunduliwa kwa bahati nchini Kanada, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1989. Watafiti walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha iitwayo felodipini, wakashangaa kukuta kiwango cha dawa katika damu kimepanda kuliko walivyotarajia. Balungi huzima kimeng'enya kilichomo katika ukuta wa utumbo, na athari hiyo huweza kudumu zaidi ya siku moja. Kwa hiyo mtu anayetumia dawa za presha au za kupunguza mafuta katika damu na anayependa balungi la asubuhi ana jambo la kumuuliza mfamasia, ingawa chungwa la kawaida halina shida hiyo.

Mfano wa kuharakisha ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu ambayo huufanya mkojo, jasho na hata machozi yawe na rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni dawa yenyewe ikitoka, si damu wala sumu. Jambo zito ni kwamba rifampisini huliamuru ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na ndani ya wiki moja au mbili dawa nyingine huanza kuvunjwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira au vijiti anaweza kupata ujauzito akiwa katika tiba ya kifua kikuu bila kuwa amekosea lolote, na hata P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hupungua nguvu. Kitanzi cha shaba, kisichotegemea homoni, hakiguswi. Ni habari inayopaswa kusemwa siku ya kwanza ya tiba, na isemwe kwa mume pia.

Tofauti nyingine tumezaliwa nazo. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, iliwapa baadhi ya watu ndoto za kutisha na kizunguzungu huku wengine wakiimeza kama maji. Sehemu ya maelezo iko kwenye jeni ya kimeng'enya kinachoivunja: aina inayofanya kazi polepole hupatikana zaidi Afrika kuliko Ulaya, na aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hubaki na kiwango kikubwa cha dawa kwa dozi ileile. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaopatikana zaidi katika maeneo yenye malaria na kwa wanaume kuliko wanawake, huzifanya chembe nyekundu za damu zipasuke mtu anapomeza primakwini, dawa ya malaria, kwa dozi kubwa. Chanzo hicho kilielezwa mwaka 1956. Jirani yako aliyesema dawa fulani ilimfaa alikuwa akizungumzia ini lake na damu yake.

Figo humalizia. Kwa siku moja huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu, kisha hurudisha karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Kasi yake ilionekana waziwazi huko Oxford mwezi Februari 1941, askari polisi Albert Alexander alipopewa penisilini iliyokuwa adimu mno. Dawa ilikuwa ikitoka na mkojo ikiwa bado nzima, na madaktari waliukusanya mkojo wake, wakaitoa penisilini humo na kumrudishia. Alipata nafuu, akiba ikaisha, maambukizi yakarudi, na mwezi uliofuata akafariki dunia.

Kiungo kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana hakingojei chupa ya kusafishia. Vinywaji vinavyouzwa kwa madai ya kuondoa sumu ya dawa haviwezi kuharakisha muda wa nusu wa amoksilini wala wa ALu, na kunywa maji kwa ndoo hakusaidii dawa nyingi zitoke upesi. Kuharisha na kukojoa mara kwa mara, ambako wauzaji huonyesha kama ushahidi, ni athari za viambato vya kuharisha na vya kukojoza vilivyomo. Mitishamba yenyewe hupita katika ini na figo zilezile. Artemisinini, chimbuko la artemetha, ilitolewa katika mmea, na Tu Youyou wa China akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Kwa hiyo anayesema mti hauna kemikali hawezi wakati huohuo kusema mti unatibu. Aliyepata madhara, ya dawa ya dukani au ya asili, ataje vyote alivyotumia kituoni, na taarifa inaweza kufikishwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na mhudumu au na mwananchi mwenyewe.

Limebaki neno "kuzoea", ambalo limebeba mambo mawili yasiyohusiana. Kampeni ya Holela-Holela Itakukosti imewafanya wengi walizungumzie suala la usugu, yaani hali ya dawa kuacha kufanya kazi, lakini wengine wameelewa kwamba mwili wa mtumiaji ndio unaokuwa sugu. Kinachokuwa sugu ni kimelea. Bakteria aliyebadilika akaishinda siprofloksasini anaweza kumwambukiza mtoto ambaye hajawahi kuimeza maishani, na dawa ikashindwa kwa mtoto huyo tangu siku ya kwanza. Mwili wenyewe huzoea kwa njia nyingine: seli zinazochochewa kila siku na dawa ileile hupunguza mwitikio wake. Hilo haliihusu amoksilini, wala dawa nyingi za presha. Mgonjwa wa presha anayepima 120 kwa 80 akaacha amlodipini kwa kuwa "amepona" hakuwa amepona. Kipimo kilikuwa kinaonyesha dawa ikiwa kazini, na kwa muda wake mrefu wa nusu atajihisi salama siku kadhaa kabla presha haijapanda tena.

Mahali ambapo mazoea ya mwili yanaonekana wazi ni kwa watumiaji wa heroini. Heroini hugeuka kuwa mofini ndani ya dakika chache, na mofini yenyewe hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili au tatu. Ubongo uliozoea kukandamizwa nayo huijibu kwa kujisukuma upande wa pili, na dawa inapotoka msukumo huo hubaki peke yake: mafua, tumbo kukata, mifupa kuuma, kukosa usingizi, hali ambayo mitaani huitwa arosto. Arosto ni mwili ukijibu dawa isiyokuwepo, na haitokani na ukosefu wa nia. Mazoea hayo hupotea pia. Aliyetoka gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu baada ya miezi kadhaa, akarudi kwenye kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua kwa kiasi ambacho zamani alikihimili.

Methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, hushika vipokezi vilevile lakini muda wake wa nusu ni kama siku nzima, na kwa hiyo kikombe kimoja kinachonywewa kila siku mbele ya mhudumu huweka kiwango kisichopanda juu sana wala kushuka hadi kwenye arosto. Miongoni mwa wanaokunywa kikombe hicho wamo wagonjwa wa kifua kikuu, na kwao rifampisini huanza kuivunja methadoni kwa kasi hadi arosto ikarudi ingawa dozi haijabadilika. Daktari hulazimika kuipandisha hatua kwa hatua, na tiba ya kifua kikuu ikiisha huishusha tena kwa uangalizi, kwa sababu vimeng'enya vya ini huchukua takribani wiki mbili kurudi katika idadi yake ya kawaida, na katika wiki hizo dozi iliyokuwa haitoshi inaweza kumuua mgonjwa.